Upande wa Nyuma wa Askari

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika kama kawaida yake ya Jumamosi, na wengi wa waliolifurisha hawakuwa na shida yoyote ya kitambaa. Walikuwa wamekuja kupapasa. Akina mama walipapasa hariri wasiyokusudia kuinunua, vijana walipapasa suti walizoshonewa watu wengine, na mwenye duka, mwenye shingo fupi na ulimi mrefu, aliwafokea wote bila ubaguzi. Katikati ya purukushani hiyo alisimama mshonaji mmoja katika gauni la kijani alilolikata mwenyewe, gauni lililomkaa hadi wanaume wawili wakapoteza nafasi zao kwenye foleni. Mji mzima ulimwita Sindano. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kazi yake. Waliowahi kubishana naye walijua ni kwa sababu ya mdomo wake.

Siku hiyo alitaka marekani, kile kitambaa kizito cha pamba, na kwenye rafu lilibaki jora moja tu. Alipolivuta, likavutwa upande wa pili.

"Hili nimeshalishika," alisema.

"Umeshika ncha, dada. Jora nimelishika mimi."

Alimtazama mwenye sauti. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, halafu chini yake suruali iliyotapakaa saruji kavu toka magotini hadi kwenye viatu. Sindano alidharau watu wengi, lakini huyu alimchanganya, maana hakujua aanzie kumdharau juu au chini.

"Unataka kushona nini wewe?"

"Sishoni. Naiweka kwenye rojo la saruji, naiviringisha kwenye nondo."

"Marekani nzuri namna hii?"

"Inakuwa ngozi ya sanamu. Mimi ndiye ninayejenga askari pale kwenye mzunguko wa barabara. Mnara wa mashujaa."

"Oo! Wewe ndiye mtu wa Kamati."

"Mtu wa mashujaa," alisahihisha kijana.

"Basi tunazungumzia vitu viwili tofauti kabisa," alisema Sindano. "Mwenye duka! Kata hili jora katikati kabla sijamkata huyu."

Walikatiwa nusu kwa nusu. Nje, kijana alimsubiri kwenye ngazi huku amebeba nusu yake begani kama mtoto mchanga.

"Naomba namba yako ya simu."

"Ya nini?"

"Nikikosea kukunja, nikuulize."

"Mtu anayepaka nguo saruji ameshakosea tayari," alisema Sindano, na namba akampa. Kwa nini alimpa, alijiuliza njia nzima hadi dukani kwake, na hakupata jibu la maana zaidi ya lile shati jeupe.

Ni vizuri tuiseme hapa hiyo Kamati ya Mnara, maana wenyewe walipenda sana kusemwa. Walikuwa watu wazima wenye vitambi vya heshima, waliokutana kila wiki katika ofisi ya mji kunywa chai na kuitana waheshimiwa. Vikao vyao vya kwanza waliviteketeza kwa kubishana kama askari wa mnara awe na masharubu. Mwenyekiti, ambaye ana masharubu, alishinda. Mwenyekiti huyu aliitwa Mzee Tai, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni, hata msibani, hata kwenye mafuriko. Vita vilipopiganwa, alikuwa kijana mwenye nguvu zake, ila miguu ilimuuma. Ilimuuma vibaya hadi akabakizwa mjini, na ilipona wiki ile ile vita vilipokwisha. Sasa ndiye aliyewasemea mashujaa.

Sanamu ilitakiwa iitazame ofisi ya mji. Mgongo wake ungeelekea vibanda vya nyuma: wauza mboga, fundi viatu, na duka dogo la Sindano lenye cherehani mbili na kioo kilichopasuka pembeni. Hakuna mjumbe aliyeona tatizo katika hilo. Wajumbe hawakuwa na kawaida ya kufika huko. Wauza mboga walimwaga maji yao hapo, na kulikuwa na tope.

Kijana alipazungushia mabati mahali pa kazi yake, akaanza. Na simu nazo zikaanza.

"Halo, Sindano."

"Nani?"

"Mtu wa marekani."

"Sema, Saruji."

"Nimekunja suruali ya askari, imefanya kama shuka."

"Askari wako ana makalio?"

"Kamati haijasema."

"Basi ndiyo maana. Mpe makalio kwanza, suruali itakaa yenyewe."

Alicheka kule upande wa pili, kicheko kinene cha mtu asiyejali nani anamsikia, na Sindano akajikuta ameshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia la blauzi ya mteja. Alifumua. Kesho yake alifumua tena. Mwisho wa mwezi alikuwa amekubali kwamba amenasa, na akajidharau kwa ajili hiyo, kwa kuwa alizoea kuwacheka wanawake wanaoacha chakula kiungue kwa sababu ya simu.

Saruji akawa mtu wa pale. Mchana alitoka kwenye mabati yake, ananawa kwa mwuza mboga, anakuja kukaa kwenye benchi la dukani. Mama yake Sindano, mwanamke mkimya aliyesaidia kukata vifungo na kutia pindo, alimpenda toka siku ya kwanza alipoinama na kumwamkia vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umemfikisha wapi?"

"Kiunoni, mama."

"Na masharubu?" aliuliza Sindano.

"Masharubu niliyamaliza kwanza. Mwenyekiti hupita kuyaangalia kila asubuhi."

"Anaingia ndani ya mabati?"

"Anasimama mlangoni, mbele. Anasema 'vizuri sana,' anaondoka. Hajazunguka hata mara moja. Anaogopa viatu vyake."

Mchana mmoja mama alikuwa amelala, mvua imewafukuza wateja, Sindano anapunguza suruali ya Saruji huku mwenye suruali amejifunga shuka kiunoni na kuonekana kituko. Hapo ndipo Saruji alipomwuliza.

"Laazizi, mama yako aliniambia baba yako alikuwa askari. Nimepewa majina ya kuandika kwenye jiwe. La kwake silioni."

Sindano aliendelea kushona hadi mwisho wa mstari.

"Mama alikwenda kuliomba. Alivaa gauni lake la buluu, akakaa kwenye korido toka asubuhi. Alipoingia, Mzee Tai akamwambia, 'Mama, jiwe ni la waliofia uwanjani. Mumeo alifia kitandani.' Akamwambia hivyo huku anakoroga chai."

"Alikufa kwa nini?"

"Alikufa polepole. Kabla ya vita alikuwa fundi saa, wa pekee hapa mjini. Aliporudi, watu walimshangilia kwamba amerudi mzima. Mikono miwili, miguu miwili. Ila mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka. Si kidogo. Kijiko hakifiki mdomoni. Saa hakuweza tena kuzigusa." Alikata uzi kwa meno. "Wageni wakija, alisimama kuwapokea, kifua mbele, mikono nyuma, anatania, anacheka. Wao walimwona mbele. Mimi nilikuwa mtoto, nakaa mkekani nyuma yake, na mama kando yangu. Sisi tuliona mkono wa kushoto ulivyoukamata ule wa kulia hapa, kwenye kifundo cha mkono. Vidole vinazama kwenye nyama. Wageni wakishaondoka, anauachia, na pale pamebaki alama."

 Saruji alinyoosha mkono, akaushika wa Sindano.

"Hii haijawahi kutoka nje ya nyumba yetu," alisema Sindano. "Leo imetoka. Ikianza kuzurura mjini, nitajua imepitia mlango gani."

"Haitazurura, mpenzi."

"Haya. Vaa suruali yako, mteja asije akadhani nimefungua hospitali."

Hayo yalikuwa mapenzi yao, na yalikuwa matamu, na Sindano aliyafurahia kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Kisha Mzee Tai akaja dukani.

Alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akirukaruka tope kama kuku, tai yake nyekundu imemkaba. Alikuwa anataka kitambaa kikubwa cha kuifunika sanamu hadi siku ya uzinduzi. Alikaa kwenye benchi la Saruji, akaomba maji, akalalamikia joto, na kwa kuwa hakuna aliyemwuliza habari za mnara, akazitoa mwenyewe.

"Binti, kazi ya uongozi ni nzito. Huyu mchongaji wetu nusura atuharibie. Juzi katuletea kikaoni mfano wa udongo. Unajua katengeneza nini? Askari ameshika mkono wake mwenyewe, hapa mbele ya tumbo, wazi kabisa. Nikamwuliza, huu mkono una nini? Eti unatetemeka! Nikasema, bwana, huyu ni shujaa au ana homa?" Alipiga paja. "Tulicheka, binti! Katibu alimwaga chai."

Futi kamba ilikuwa mkononi mwa Sindano. Aliikunja taratibu.

"Na mchongaji?"

"Akacheka na yeye, tena mpaka akashika meza. Ni mtu mzuri, anajua utani. Akasema atabadilisha. Askari atasimama mguu upande, kifua mbele, mikono nyuma. Ukakamavu."

"Mikono nyuma," alisema Sindano.

"Ndiyo. Isituletee matatizo."

Sindano hakusubiri Mzee Tai afike hata barabarani. Alipiga simu amesimama mlangoni, na mama yake amesimamisha mkasi kumsikiliza.

"Niambie, laazizi."

"Ulicheka?"

Kukawa kimya. Kwa Sindano kimya hicho kilitosha, lakini alitaka kusikia.

"Nimekuuliza. Walipomcheka baba yangu, ulicheka?"

"Nisikilize kwanza. Nilipeleka kwa nia njema. Nilitaka asimame pale mbele, mji mzima umwone alivyokuwa. Sikutaja jina..."

"Ulicheka, hukucheka?"

"Nilicheka."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanacheka wote. Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mzee Tai?"

"Ndiyo."

"Yaani wewe umemwogopa mwoga. Hilo hata mimi sikujua kama linawezekana. Mtu alikimbia vita kwa kisingizio cha nyayo, na wewe, mzima na mabega yako hayo, ukashika meza yake ukacheka!"

"Sindano, nakuomba..."

"Usiniite jina langu. Suruali yako nyingine iko kwa mwuza mboga, kaichukue huko. Hapa kwangu usikanyage."

Akaifungia namba yake. Alikaa kwenye cherehani, akashona kwa kasi hadi uzi ukakatika, akaufunga, ukakatika tena. Kilichomuuma zaidi si kwamba siri imetoka. Ni kwamba kile kicheko kinene alikijua. Alikipenda. Alikuwa amekisubiri kila siku kwenye simu, na sasa kila alipokikumbuka alikisikia kwenye ile meza ya chai.

"Kijana wa saruji hatakuja tena?" aliuliza mama yake, siku kadhaa baadaye.

"Hatakuja."

Mama alikata kifungo, akakitia kwenye kopo.

"Baba yako naye alikuwa anacheka. Fundi saa asiye na mkono, walimtania sana. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka."

"Yeye alijicheka mwenyewe, mama. Huyu alimcheka mwenzake."

"Sawa," alisema mama. Sindano alikasirika zaidi kwa ile 'sawa' kuliko kwa hotuba nzima.

Uzinduzi ulipokaribia, Mzee Tai alipiga simu. Mchongaji ana sharti moja la ajabu: kitambaa kiwe vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, kila kimoja na kamba yake. Eti upepo.

"Na ninyi mmeona sawa?" aliuliza Sindano. "Mmeshakagua kazi?"

"Tumekagua jana, kamati nzima. Tumepiga na picha. Masharubu yametoka vizuri sana."

"Mlizunguka nyuma?"

"Nyuma kuna nini, binti?"

Sindano alishona vile vipande viwili kwa marekani nyeupe, mishono mikubwa ya haraka, pindo la ovyo. Hakuwahi kushona vibaya maishani mwake, na alijisikia vizuri. Kwa watu wale, na kwa mtu yule, hata hiyo ilikuwa heshima kubwa mno.

Siku yenyewe jua lilitoka mapema. Mbele ya sanamu walipanga turubai, viti vya kukodi vyenye vitambaa vya dhahabu, na jukwaa lenye maua ya plastiki. Bendi ilipiga wimbo mmoja tangu asubuhi, maana ndio pekee walioujua wote pamoja. Familia za waliofia uwanjani ziliwekwa mstari wa mwisho, nyuma ya wake wa wajumbe, na kofia za wake wa wajumbe zilihakikisha familia hizo haziwaoni hata ndege. Wauza mboga waliamriwa warudi nyuma zaidi ili wasiharibu picha. Mama yake Sindano hakualikwa. Alivaa gauni lake la buluu, akatoa kiti, akakaa mlangoni mwa duka akiutazama mgongo uliofunikwa.

"Mama, ingia ndani. Unawatazamia nini watu hawa?"

"Natazama kitambaa ulichoshona. Pindo lako baya."

Mzee Tai alihutubia. Aliitaja damu, akaitaja tena. Alisema yeye na wenzake wamejitoa mhanga, akimaanisha vikao. Mgeni rasmi, mama mmoja mnene aliyetoka mbali, alijipepea kwa ratiba. Ndipo simu ya mama ilipolia. Mama alisikiliza kidogo, akamnyooshea binti yake.

"Kijana wa saruji."

"Mwambie sipo."

"Nimeshamwambia upo."

Sindano aliipokea kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka chooni.

"Unataka nini?"

"Mko upande gani?" Sauti yake ilikuwa ya chini, nyuma yake Mzee Tai alisikika akiitaja damu mara ya tatu.

"Upande mliotutupia. Nyuma."

"Hapo hapo. Kamba ya kipande cha nyuma nimeifunga kwenye nguzo ya mwuza mboga. Wakishavuta ya kwao na kupiga makofi, mpe mama avute hiyo."

"Wewe umekuwa nani wa kumtuma mama yangu?"

"Si mtu. Naomba tu avute. Baada ya hapo unitukane mpaka uchoke."

Kule mbele Mzee Tai alivuta. Kitambaa kikaanguka, masharubu yakaonekana, makofi yakapigwa, bendi ikarudia wimbo wake. Mama alikuwa ameshanyanyuka. Alipita katikati ya mafungu ya mchicha na vitunguu na gauni lake la buluu amelikusanya mkononi, akaifungua kamba, akaivuta. Mishono ya ovyo ya Sindano ilifumuka mara moja.

Mgongo wa askari ulikuwa mpana na wa kawaida. Ila chini yake, pale ambapo kwa mbele watu waliona mtu aliyesimama kwa raha zake, mkono wa kushoto ulikuwa umeukamata wa kulia kwenye kifundo. Umeukamata kama mtu anayemzuia mnyama. Mishipa imesimama, kiganja cha kulia kimepinda, na vidole vimezama kwenye nyama ya saruji hadi kucha.

Mama alisimama. Hakulia. Aliutazama ule mkono, kisha akasema, kama mtu aliyekutana na jirani barabarani, "Ni yeye."

Wauza mboga walisogea mmoja mmoja. Mlinzi wa benki, mzee aliyepigana vita vile vile na ambaye naye alirudi mzima, alivuka barabara bila kutazama magari. Alivua kofia yake. Sindano alimwona akiisogeza mikono yake nyuma, taratibu, na alipomwona anafanya hivyo alielewa jambo ambalo hakuwahi kulijua kuhusu mlinzi yule aliyemsalimia miaka yote.

Kule jukwaani Mzee Tai alikuwa anamkaribisha mchongaji aseme neno moja, fupi, la shukurani. Saruji alishika kipaza sauti. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa jasho.

"Naomba waheshimiwa mzunguke nyuma."

"Hapana, hapana," Mzee Tai alinong'ona, na kipaza sauti kikaupeleka mnong'ono wake mji mzima. "Kuna tope."

Lakini mgeni rasmi alikuwa amechoka kukaa. Alisimama, na alivyosimama yeye, wote wakalazimika kusimama. Walizunguka kwa mstari, wamekunja suruali, wakishikana mikono kama watoto wa chekechea, hadi wakafika miongoni mwa vitunguu. Mzee Tai aliinua uso, akatazama, akatabasamu.

"Imara kabisa!" alisema. "Mnaona alivyojishika? Ukakamavu huo. Ndivyo tulivyotaka sisi."

Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Walikuwa wanatazama na hawaoni kitu, na Sindano, aliyedhani ameshamaliza dharau zake zote, aligundua kwamba bado anayo akiba.

"Unatetemeka, Mzee," alisema.

"Nani anatetemeka?"

"Mkono huo. Ndiyo maana ameushika. Ni ule ule mlioucheka ofisini. Wa baba yangu. Mlisema kafia kitandani, hafai kuandikwa. Sasa amesimama." Alisogea hadi akasikia harufu ya manukato yake. "Cheka, Mzee. Siku ile ulicheka mpaka chai ikamwagika. Tupo wote hapa, cheka."

 Mzee Tai alimtazama Katibu; Katibu alikuwa anatazama mchicha.

"Na mimi nilicheka," alisema Saruji. Bado alikuwa na kipaza sauti, na sauti yake ilitoka kwenye spika za mbele na kurudi kupitia juu ya vichwa vyao. "Nilikuwa kwenye kile kikao. Niliambiwa siri ya nyumba ya watu, nikaitoa, na ilipochekwa nilicheka kuliko wote, kwa woga. Naomba radhi kwa mama huyu. Na kwa binti yake."

"Mkono wangu pia," alisema mlinzi wa benki. Alileta mkono wake mbele, akauachia, mbele ya mgeni rasmi na wajumbe wote. Ulitetemeka hadi kofia ikaanguka.

Hakuna aliyecheka. Mgeni rasmi aliinama, akaiokota kofia mwenyewe, akamvisha. Kisha akamgeukia Mzee Tai, akamtazama kuanzia tai kushuka chini, na Mzee Tai akajitazama pia, akaona viatu vyake vimezama kwenye tope hadi kwenye kamba.

Wiki iliyofuata Kamati ilitangaza redioni kwamba upande wa nyuma wa sanamu ulikuwa wazo lake tangu mwanzo, na kwamba jiwe la pili, la waliorudi, lipo mbioni. Sindano aliisikia taarifa hiyo akiwa anatia uzi kwenye sindano, akacheka peke yake hadi uzi ukamponyoka.

Saruji alikuja siku hiyo hiyo. Alisimama mlangoni, shati jeupe, suruali safi kwa mara ya kwanza, hathubutu kukanyaga kizingiti.

"Nilisema usikanyage," alisema Sindano bila kuinua kichwa.

"Sijakanyaga."

"Shikamoo umeisahau?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, mwanangu, jua kali."

Sindano alimtazama mama yake kwa hasira; mama alikuwa ameshahamia benchi la ukutani na kopo lake la vifungo. Saruji akapita mbele yake, akasimama katikati ya duka, kifua mbele, mikono nyuma.

"Nimepata kazi nyingine," alisema. "Mji mwingine. Sanamu ya farasi."

"Hongera. Farasi hana wa kumcheka."

"Inaanza mwezi ujao. Nimekuja kukuambia kwamba naweza kwenda peke yangu. Nimezoea. Mimi si mtu wa kubembeleza. Kama unataka tufunge ndoa kabla sijaondoka, ni sawa. Kama hutaki, ni sawa pia, maisha yanaendelea."

"Hivyo ndivyo unavyoposa?"

"Ndivyo."

"Kwa majivuno hayo? Mtu uliyemwogopa Mzee Tai?"

"Nimeshasema. Nasubiri jibu tu. Sina wasiwasi."

Sindano aliweka chini kazi yake. Alikuwa na majibu tayari, makali, na alikuwa anachagua lipi litangulie. Alimtazama mtu huyu na kidevu chake juu, akamwona jinsi alivyo mwongo, mwoga na mwenye mabega mazuri, na akajua kwamba akimfukuza leo atafumua mikono ya blauzi za watu maisha yake yote.

"Mwanangu," alisema mama kutoka kwenye benchi, nyuma ya kijana. Hakuwa anakata vifungo tena. Alikuwa anaitazama mikono ya Saruji pale ilipofichwa. "Huyo usimsikilize maneno. Mimi niko huku nyuma."

"Anafanya nini huko?"

"Ameushika."

Sindano alinyanyuka, akazunguka cherehani, akapita ubavuni mwake hadi nyuma. Ilikuwa kweli. Alivibandua vidole vyake kimoja kimoja, vikaacha alama nyeupe kwenye kifundo, na ule mkono uliobaki wazi akaukamata yeye.

"Mpumbavu wewe," alimwambia, na hakuuachia.